Niliganda mbele ya majeruhi, na sasa wanatafuta wauguzi wa dharura

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 29, naishi Moshi na mume wangu na binti yetu wa miaka mitatu. Nina stashahada na leseni, na huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Miaka yote hiyo nimekuwa kliniki ya mama na mtoto: kupima uzito, kuchanja, kujaza kadi, kuwaelekeza akina mama kunyonyesha. Kazi naipenda. Kuna watoto niliowachanja wakiwa wachanga ambao mwakani wanaingia darasa la kwanza, na mama zao wakinikuta soko la Mbuyuni hunizidishia nyanya.

Mwezi uliopita matroni alituita akasema idara ya dharura ya hospitali yetu inapanuliwa, wanahitajika wauguzi wanne wa kuhamia. Anayetaka ajaze fomu na kuirudisha kabla ya tarehe 30. Fomu nimechukua. Iko kwenye mkoba mpaka kona zimekunjika.

Shangazi, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka 2013 kaka yangu ninayemfuata alikuwa anaendesha bodaboda Himo. Jumamosi moja jioni, wiki mbili kabla ya Krismasi, aligongwa na gari. Alifikishwa hospitali, sitaitaja, akiwa anapumua na anaongea. Mimi na baba tulimkuta kwenye benchi la korido, amelala ubavu wa kushoto. Aliniomba maji. Tukaambiwa tusubiri. Kwanza PF3, ile fomu ya polisi, halafu faili, halafu daktari yuko wodini. Baba akakimbilia polisi, mimi nikabaki nimemshika mkono. Baba hajarudi, mkono ukawa baridi. Nilikuwa kidato cha tatu. Tulimzika kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, na baba akapanda sale, mmea wa mila yetu, kuzunguka kaburi.

Siku ile ndiyo niliamua kuwa nesi. Nyumbani wanadhani nilifuata ajira.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni tulipangwa wiki nne kitengo cha dharura. Siku ya tatu akaletwa kijana wa bodaboda, amevaa koti la kijani kama alilokuwa nalo kaka. Msimamizi akaniambia nishike kichwa, nisogeze oksijeni. Nilimsikia vizuri kabisa. Miguu haikwenda. Nilisimama na glavu mkononi, machozi yananitiririka, mpaka mwanafunzi mwenzangu akanisukuma pembeni. Nikatoka nje. Baadaye msimamizi aliniambia mbele ya wenzangu: "Wewe siyo wa huku. Moyo wako mlaini, nenda ukalee watoto." Nikaenda kulea watoto.

Mume wangu ni fundi magari Majengo. Nilipomwonyesha fomu alisema, "Fanya unavyoona," akaendelea kula. Najua maana yake. Mama mkwe, yuko Marangu, naye amesikia. Anauliza mwanamke anayekesha nje, nyumba yake inalindwa na nani. Dada wa kazi tuliye naye halali kwetu, jioni anarudi kwao. Na rafiki yangu aliye dharura hospitali nyingine anasema kinachomzeesha si damu, ni ndugu wa wagonjwa.

Nikiishika ile fomu moyo unanienda mbio na sijui kama ni hamu au ni hofu. Je, huu ni wito au ni kidonda? Na mtu anayelia anaweza kuwa nesi wa dharura?

Mwenye Fomu Mkobani, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kaka yako. Najua miaka imepita, lakini umeniandikia mpaka ubavu aliolalia na maji aliyoomba, na anayekumbuka hivyo msiba wake haujatoka nyumbani. Kwa hiyo nakupa pole kama ya leo.

Nikueleze nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Matroni ametangaza nafasi ya kazi. Nafasi hiyo imeamsha mambo mawili yaliyokuwa yamelala, kifo cha kaka na siku ya koti la kijani. Juu yake kuna mume aliyesema maneno mawili na mama mkwe aliyesema zaidi. Yote hayo umeyafunga kwenye swali moja, wito au kidonda, na unatamani nikuchagulie.

Hilo sitalifanya, na pia sina hakika kwamba lazima liwe moja tu. Waulize wauguzi wenzako kilichowaleta kwenye fani, uone wangapi watakutajia mtu: bibi aliyeugulia nyumbani mwaka mzima, mama aliyejifungua kwa shida, mdogo wao wa degedege. Kuingia kazini ukiwa na mtu moyoni hakukupunguzii sifa. Kinachonishughulisha mimi ni huyo mtu anakutuma nini.

Lakini nianze na yule msimamizi, maana naona amekaa nawe muda mrefu kuliko alivyostahili. Alisema sentensi moja, mbele ya watu, kwa mwanafunzi wa siku ya tatu. Hakujua habari za Himo kwa sababu hakuna aliyejua. Aliona binti amesimama na glavu, akahukumu alichokiona. Wewe uliyejua zaidi yake ukaichukua hukumu ile ukaitii miaka yote hii. Mwili wa mtu ukikutana ghafla na kitu kinachofanana na siku mbaya kuliko zote za maisha yake, unaweza kusimama kabla akili haijapata neno. Hata wale unaowaona wanakimbia kwenye machela hawakuzaliwa hivyo. Wamefundishwa utaratibu wa kuushika pale akili inapokwama: njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, kisha fahamu, kisha kumvua nguo na kumkagua mwili mzima. Hiyo ABCDE uliisoma chuoni. Kuisoma kwa ajili ya mtihani ni jambo moja, kuirudia mpaka mikono iijue bila kuulizwa ni jambo jingine, na siku ile ulikuwa na lile la kwanza tu.

Kuhusu kulia nina langu la kusimulia. Mama yangu alipopata kiharusi tulimfikisha dharura usiku, mjini Arusha. Muuguzi aliyempokea alifanya kila kitu haraka na sauti yake haikupanda hata mara moja. Alfajiri nilitoka kupiga simu nikamkuta nyuma ya jengo, analia. Mtoto wa kitanda cha pili alikuwa amefariki. Akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akaniuliza kama nimekunywa chai, akarudi ndani kumgeuza mama. Tangu usiku ule siamini kwamba machozi na kazi ile haviwezi kukaa kwa mtu mmoja. Ila yeye alilia baadaye, wewe ulilia mgonjwa akiwa mbele yako. Tofauti hiyo ni ya kweli na nisipoitaja nitakuwa sikupendi. Mazoezi huipunguza kwa wengi. Hakuna anayeweza kukuapia kwamba yatakutosha wewe.

Nadhani pia picha uliyonayo ya dharura imejaa bodaboda peke yake. Zipo, na Desemba watu wakipanda kutoka Dar kuja kula sikukuu zinaongezeka. Lakini muuguzi wa dharura anashinda pia na mzee ambaye mdomo umepinda ghafla, mtoto wa pumu, mama wa kisukari aliyezimia kumbe sukari imeshuka, binti aliyekunywa sumu kwa sababu ya mitihani au mapenzi, mjamzito anayevuja damu. Na kabla ya dawa yoyote kuna kazi ya kupambanua nani aingie sasa hivi na nani anaweza kusubiri, ile mnayoiita triaji. Nyekundu, njano, kijani, na kwingine huongezwa rangi ya chungwa katikati. Mgonjwa wa nyekundu anashughulikiwa kwanza, makaratasi yanafuata. Wewe tayari una jicho la kazi hii. Kliniki umeona mtoto aliyeletwa kupimwa uzito tu, ukamtazama mbavu zinavyoingia ndani akivuta pumzi, ukamtoa kwenye foleni. Najua umefanya hivyo, hakuna nesi wa miaka sita wa kliniki ambaye hajafanya.

Kaka yako alikuwa wa rangi nyekundu kwenye korido isiyo na rangi. Ni mwaka 2010 tu Muhimbili walipofungua idara kamili ya tiba ya dharura, ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini. Mwaka 2013 sehemu nyingi bado zilikuwa na "kasualti", chumba cha mapokezi na benchi lake. Simtetei mtu. Kaka yako alistahili kuguswa na mtu mwenye ujuzi dakika ile alipofika.

Barua yako inamtaja baba, inataja polisi, inamtaja daktari aliyekuwa wodini. Haimtaji nesi. Lakini yupo aliyewaambia msubiri. Nakuuliza taratibu: unamkumbuka sura? Nauliza kwa sababu ukiingia dharura utasimama pale aliposimama yeye. Utafika usiku mko wawili, watu wamejaa mpaka mlangoni, na wewe ndiye utakayemwambia binti wa kidato cha tatu, "Subiri, mama." Mara nyingi utakuwa sahihi. Siku moja, Mungu aepushie mbali, utakuwa umekosea. Kama yule nesi bado hujamsamehe, sijui siku hiyo utajisamehe wewe kwa njia gani. Umekulia kihambani, unajua jani la sale halipandwi makaburini tu, hubebwa pia mtu anapokwenda kuomba radhi. Simaanishi umtafute. Nasema hilo jani naliona limebaki mikononi mwa mtu katika habari hii, na pengine ni mikononi mwako.

Kuna gumu zaidi. Unaamini kwamba angehudumiwa mapema angepona. Huenda. Lakini sasa wewe ni nesi, na ile kiu aliyokuwa nayo unajua inaweza kumaanisha nini. Mtu anaweza kuongea na kuomba maji huku damu inavujia tumboni, na hapo dripu na oksijeni humshikilia kwa muda tu mpaka apatikane damu ya kuongezewa, daktari wa upasuaji na chumba kilicho tayari. Utakutana na watu utakaowafanyia kila kitu kwa wakati na mkono bado utakuwa baridi. Ukienda kule kumwokoa kaka, naogopa utamzika kila wiki. Ukienda ili mwingine asilale kwenye benchi bila mtu wa kumwangalia, hilo linaweza kutimia hata usiku ambao mgonjwa amefariki. Ni lipi kati ya hayo mawili linalokuenda mbio moyoni ukishika fomu, wewe ndiye unayeweza kulisikiliza. Mimi niko mbali.

Nije nyumbani kwako. Umesema unajua maana ya "fanya unavyoona." Mimi nimeisoma mara kadhaa na siijui. Fundi aliyeshinda chini ya gari akisema hivyo mbele ya sahani anaweza kuwa anasema nimechoka, au naogopa, au nakuamini. Muulize tena siku ameshiba na mtoto amelala. Halafu fikiria hili: unamwomba akubali naiti, zamu za usiku, bila kumpa sababu, maana sababu yenyewe umeificha tangu mlipooana. Pengine angekujibu vingine kama angejua habari ya lile benchi.

Mkiongea, ongeeni mambo ya vitendo. Siku za naiti nani analala na mtoto, na ikiwa ni yeye, gari la mteja likiharibika usiku itakuwaje? Utakwenda kazini na usafiri gani giza likishaingia? Utalala vipi mchana na mtoto wa miaka mitatu anagonga mlango? Nyumba nyingi zimeshindwa kwenye vitu hivi vidogo, na nyingine zimefaulu kwa kuvipanga mapema, labda dada wa kazi abadilishe siku zake au ndugu aje akae nanyi miezi ya mwanzo. Mama mkwe usimjibu wewe. Mwache mwanawe amweleze kwamba naiti hupangwa kwa zamu na hufuatiwa na siku za kupumzika. Hofu yake ya kuona nyumba ya mwanawe iko giza naielewa, sioni kama anakudharau.

Fomu sasa. Unaweza kuijaza kama ilivyo. Hatari yake ni kuingia ukiwa umebeba siri ileile, ukakutana na koti la kijani wiki ya kwanza, na ukatoka ukiwa na sentensi ya pili ya kukufuata. Unaweza kutoijaza. Kliniki haipungukiwi heshima, na mtoto asiyekosa chanjo ni mtoto ambaye hafiki kwenye machela. Hatari ya huko ni kubaki kwa sababu ya neno la mtu mmoja, ukawa unaipita idara ya dharura kila asubuhi ukitazama upande mwingine. Je, unafanya hivyo tayari?

Au unaweza kwenda kwa matroni kabla ya tarehe 30 ukamwambia ukweli wote, na umwombe miezi mitatu ya kuzunguka huko huku nafasi yako ya kliniki ikisubiri. Anaweza kukataa, ana nafasi nne za kujaza. Anaweza pia kukuona dhaifu, hilo siwezi kukuficha. Lakini matroni anayejua ndiye atakayekupanga zamu za mwanzo na mkongwe pembeni yako. Muulize pia kuhusu mafunzo. Shirika la Afya Duniani lina kozi ya huduma za msingi za dharura, ya siku zipatazo tano, iliyotolewa mwaka 2018, na wauguzi ni miongoni mwa waliotengenezewa. Inafundishwa kwa vitendo, mnarudiarudia. Ukiweza kuipata kabla ya kuhama, miguu yako itakuwa na jambo la kufanya. Na kama baadaye utaona ndiyo njia yako, kuna shahada, na juu yake shahada ya uzamili ya uuguzi wa mahututi na majeruhi pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Hayo ni ya mbele.

Pesa usizifanye sababu. Uliza kwa maandishi kama kuna posho ya usiku na hulipwa lini, usidhani. Hakikisha dozi zako tatu za chanjo ya homa ya ini B zimekamilika, na kama ukichomwa na sindano usione aibu kusema: dawa za kujikinga na VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na hutumika siku 28. Rafiki yako amesema kweli kuhusu ndugu wa wagonjwa. Utatukanwa. Ila wewe unajua ndugu anayesubiri koridoni anahitaji kuambiwa nini, kwa sababu wewe hukuambiwa. Hilo nimelifikiria sana nilipokuwa naandika.

Liko pia jambo ambalo halihitaji fomu. Tafuta mtu wa kumweleza habari ya Jumamosi ile kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Hospitali yako ina maofisa ustawi wa jamii, au mchungaji, au padri, au baba yako mwenyewe. Nafikiri zaidi kuhusu baba. Yeye alikimbilia polisi, akarudi na karatasi mkononi akakuta mambo yamekwisha. Umewahi kumuuliza alijisikiaje? Naona nyinyi wawili mmelitunza kaburi lile kila mtu kwa upande wake.

Na swali langu la mwisho, ambalo nimelitafuta kwenye barua yako bila kulipata. Yule kijana wa koti la kijani, mwenzako alipokusukuma pembeni ukatoka nje, uliwahi kurudi kuuliza kama alipona? Niandikie unijibu hilo, hata kama fomu utakuwa bado hujaijaza.

Shangazi yako